Miguuni pa Yesu nyumbani kwa Simoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Luka 7:36–50

Kila darasa letu la Biblia linapofika sura ya saba ya Luka, muda hautoshi. Aya ni kumi na tano tu, lakini maswali hayaishi, na mengi ni yale yale mwaka hadi mwaka. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa darasani. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa sentensi mbili.

Kisa chenyewe kinasemaje?

Farisayo mmoja, jina lake Simoni, alimwalika Yesu chakula. Mwanamke wa mji ule, aliyejulikana na watu kuwa mwenye dhambi, akapata habari kwamba Yesu yuko pale, akaja na chupa ya marhamu. Akasimama nyuma, karibu na miguu ya Yesu, huku analia. Machozi yakailowesha miguu, akaipangusa kwa nywele zake, akaibusu, akaipaka yale marhamu.

Simoni akawaza moyoni: huyu angekuwa nabii, angemtambua mwanamke anayemgusa. Yesu akalijibu wazo hilo kwa mfano wa wadeni wawili wa mkopeshaji mmoja. Mmoja alidaiwa dinari mia tano, mwingine hamsini, na wote wakasamehewa. Kisha akamwambia mwanamke, "Umesamehewa dhambi zako." Wageni wakajiuliza huyu ni nani hata asamehe dhambi. Mwanamke akaambiwa aende kwa amani.

Angalia jambo moja ambalo wengi hulipita: kisa kizima mwanamke hasemi hata neno moja. Na angalia la pili. Simoni anawaza kwamba Yesu si nabii kwa kuwa hajui kilichomo ndani ya mtu, na wakati huo huo Yesu anajibu kitu ambacho Simoni hajakitamka. Luka ana utani wake, ila huusema kwa sauti ya chini.

Huyu mwanamke ni Maria Magdalena, sivyo?

Sivyo, au angalau Luka hasemi hivyo. Hamtaji jina kabisa. Maria Magdalena anaingia mwanzoni mwa sura ya nane, katika orodha ya wanawake waliofuatana na Yesu, na anatambulishwa kama mtu mpya: ndiye aliyetokwa na pepo saba. Luka angetaka tumtambue kuwa ndiye yule wa aya chache zilizotangulia, angesema. Tena kupagawa na pepo ni jambo moja, na kuitwa mwenye dhambi mjini ni jingine.

Mbona basi kila mchoro wa Magdalena una nywele ndefu na chupa mkononi? Kwa sababu ya mahubiri. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, akihubiri Roma, aliwaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja: mwenye dhambi wa Luka 7, Maria wa Bethania dada yake Lazaro, na Magdalena. Neno la papa likashika mizizi Magharibi kwa karne nyingi. Wakristo wa Mashariki hawakulifuata. Waorthodoksi mpaka leo, Jumatano ya Juma Kuu, humkumbuka mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Bwana marhamu bila kumwita Magdalena. Kanisa Katoliki lenyewe lilinyoosha jambo hilo katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu ya Magdalena, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu, kwa heshima ya yule aliyetumwa kuwapa mitume habari za ufufuo.

Kwa hiyo tusimbebeshe Magdalena sifa ambayo Maandiko hayakumpa. Na tusimpe huyu wa Luka jina ambalo Luka aliamua kutompa. Huenda alikuwa na sababu njema: mji mzima ulishamjua kwa dhambi zake, pengine hakutaka nasi tumjue hivyo kwa jina.

Basi ni yule wa Bethania aliyempaka Yesu marhamu?

Hapana, ingawa visa vinafanana na kwa bahati mbaya wenyeji wote wanaitwa Simoni. Kisa cha Bethania (Mathayo 26, Marko 14, Yohana 12) kilitokea siku chache kabla ya mateso, katika nyumba ambayo Mathayo na Marko wanasema ni ya Simoni mkoma. Wanaokasirika pale wanakasirikia gharama, na Yesu anasema mwanamke amemwandalia maziko. Katika Luka hakuna anayezungumzia gharama wala maziko, Yesu bado yuko kwenye huduma yake ya Galilaya, na ubishi wote ni juu ya dhambi na msamaha. Jina Simoni lisikubabaishe. Agano Jipya limejaa akina Simoni: Petro, Zelote, Mkirene, mtengenezaji wa ngozi wa Yafa, yule mchawi wa Samaria. Lilikuwa jina la kawaida kama Juma au Yohana kwetu.

Dhambi yake ilikuwa ipi?

Hatujaambiwa. Wengi husema ukahaba, na inawezekana, lakini Luka anatumia neno la jumla, lile lile ambalo Petro anajiita nalo kwenye Luka 5:8 alipoanguka magotini baada ya kuvua samaki wengi. Hakuna mhubiri aliyewahi kusema kwamba Petro alikuwa kahaba.

Aliingiaje nyumbani kwa mtu bila mwaliko? Na alifikaje nyuma, kwenye miguu ya mtu aliyeketi mezani?

Swali hili linatokana na tafsiri. Biblia yetu ya Union inasema Yesu "akaketi chakulani", nasi tunaona meza na viti, na miguu iko chini ya meza. Kigiriki kinasema aliegama. Katika karamu za namna ile walaji walilala ubavu, wakiegemea kiwiko cha kushoto, vichwa vikielekea chakula na miguu ikielekea nje. Viatu vilikuwa vimevuliwa. Mtu aliyesimama nyuma alikuwa amesimama miguuni. Ukishaiona picha hiyo, kisa kizima kinanyooka: machozi yanadondoka mahali yanapoweza kudondoka, naye anainama.

Kuhusu kuingia, Luka haoni haja ya kueleza. Na katika kisa hakuna anayeshangaa kwamba kaingia. Simoni anachoshangaa ni kwamba Yesu anakubali kuguswa. Wanaotoka vijijini kwetu hili haliwasumbui, maana nyumba yenye mgeni mashuhuri mlango wake haufungwi, na watoto wamejaa madirishani. Ila kuingia ndani na kusogea hadi kwa mgeni mwenyewe, hapo ulihitajika ujasiri mwingine.

Simoni alikosea nini? Si alimkaribisha vizuri?

Alimkaribisha, na tumpe haki yake. Kabla tu ya kisa hiki watu walimsema Yesu kuwa mlafi na mlevi, rafiki wa watoza ushuru na wenye dhambi (7:34). Farisayo anayemwalika mtu wa sifa hizo si mtu mbaya. Luka anataja mara tatu Yesu akila kwa Mafarisayo (sura ya 7, ya 11 na ya 14), na kila mara anakwenda, hakuwakataa.

Lakini Yesu anataja mambo matatu ambayo Simoni hakuyafanya: hakutoa maji ya miguu, hakumbusu mgeni wake, hakumpaka mafuta kichwani. Wafasiri wanabishana kama huo ulikuwa utovu wa adabu au mapokezi ya kawaida yasiyo na nyongeza. Mimi nadhani Simoni hakuvunja sheria yoyote. Alimpokea Yesu kama mtu anayemchunguza mgeni kwanza, kwa mkono mmoja. Sisi tunaijua hali hiyo. Mgeni akija tunampa maji ya kunawa, mtoto anasimama na birika na beseni. Siku ambayo mtoto haonekani na mgeni anaachwa autafute mwenyewe huo mfereji, chakula kinaweza kuwa pilau, na bado mgeni ameelewa.

Dinari mia tano na hamsini ni kiasi gani?

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Ndivyo mwenye shamba la mizabibu anavyopatana na vibarua wake kwenye Mathayo 20. Hamsini, basi, ni kazi ya miezi miwili hivi ukiondoa Sabato. Mia tano ni zaidi ya mwaka na nusu wa kuamka kila siku na jembe bila kula hata senti.

Ukifanya hesabu hiyo usiishie kwenye tofauti ya mara kumi. Soma aya ya 42: wote wawili hawakuwa na cha kulipa. Kwa asiye na kitu mfukoni, deni la hamsini na la mia tano yanamfungia mlango ule ule.

Alisamehewa kwa sababu alipenda, au alipenda kwa sababu alisamehewa?

Hili ndilo swali kuu, na linaulizwa na watu wanaosoma vizuri. Aya ya 47 inasema: "Amesamehewa dhambi zake ambazo ni nyingi, kwa kuwa amependa sana." Ukiisoma peke yake utasema upendo ndio ulionunua msamaha. Alilia vya kutosha, alitoa vya kutosha, akasamehewa.

Lakini "kwa kuwa" katika Kiswahili hufanya kazi mbili. Nikisema, "Zawadi amelia, kwa kuwa amepigwa," nimetaja kilichomliza. Nikisema, "Mama amerudi, kwa kuwa moshi unafuka jikoni," sijasema kwamba moshi ndio uliomrudisha mama. Nimetaja kilichonijulisha. Neno la Kigiriki lililoko pale nalo hubeba maana zote mbili, kwa hiyo sarufi peke yake haitatupatia jibu. Jibu linatoka kwenye mfano.

Mfano unakwenda hivi: deni linafutwa kwanza, kisha linakuja swali, "katika hao wawili ni yupi atakayezidi kumpenda?" Hakuna mdeni aliyempenda mkopeshaji ili afutiwe. Simoni mwenyewe anajibu, kwa kusitasita kidogo, "Nadhani ni yule ambaye alimsamehe nyingi." Na sehemu ya pili ya aya ya 47 inarudia mpangilio huo: asamehewaye kidogo hupenda kidogo. Msamaha unatangulia, upendo unafuata. Ikiwa sehemu ya kwanza ya aya ina maana ya kinyume, basi Yesu ametoa mfano mmoja na kufundisha mwingine.

Kuna na hili, ambalo sikulipata kwenye kitabu cha ufafanuzi bali dukani. Mtaani kwetu mwenye duka ana daftari la madeni. Mtu ambaye jina lake liko mle na hajalipa miezi mitatu hapiti mbele ya duka. Anazunguka njia ya nyuma, hata kama inamchelewesha kazini. Akikutana na mwenye duka msibani, anaangalia simu. Mdeni hampendi anayemdai. Anamkwepa, na kumkwepa si chuki, ni aibu. Siku jina linapokatwa, kwa kulipa au kwa huruma, ndipo unamwona anapita mbele, anasimama, anasalimia hadi anachosha.

Sasa mwangalie mwanamke huyu. Amepita mbele. Ameingia kwa mlango, katika nyumba ambayo kila mtu anajua daftari lake lina nini, akaenda moja kwa moja kwa Yesu. Mtu ambaye bado anaamini kwamba anadaiwa hawezi kufanya hivyo. Kwangu mimi miguu yake inashuhudia msamaha kabla hata ya machozi yake.

Mbona basi Yesu anamwambia "umesamehewa" baada ya hayo yote? Alisamehewa lini?

Luka hatuambii alikutana na Yesu wapi mara ya kwanza, wala kama alimsikia akihubiri. Huenda alikuwa kwenye umati. Tunachoweza kusema ni kwamba kitenzi katika Kigiriki kiko katika hali inayoeleza jambo lililokwisha tendeka na matokeo yake yapo. Hapa Kiswahili kina bahati: kiambishi chetu "-me-" hubeba maana hiyo bila shida. "Umesamehewa" ni kama "umefika". Safari ilikwisha, na sasa uko hapa.

Kwa nini kumtamkia hadharani jambo ambalo tayari lipo? Kwa sababu aibu yake ilikuwa ya hadharani. Mtu aliyetukanwa sokoni hatoshelezwi na kuombwa radhi chumbani.

Wageni wanaelewa uzito wake. Swali lao, "ni nani huyu hata asamehe dhambi?", limeshaulizwa katika sura ya tano, yule mwenye kupooza aliposhushwa kupitia darini. Luka halijibu kwa mdomo wake. Analiacha liwasumbue, na sisi pia.

Kwa nini Yesu anaongea dhambi kama deni?

Kwa sababu lugha aliyokulia ilifanya hivyo. Katika Kiaramu neno moja liliweza kumaanisha deni na dhambi. Ndiyo maana Sala ya Bwana katika Mathayo inasema "utusamehe deni zetu" na katika Luka "utusamehe dhambi zetu", na Luka anaendelea "kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye". Vijana huuliza "tumwiaye" ni nini. Kumwia mtu ni kuwa na dai kwake, kumdai. Neno zuri la zamani. Sijui kwa nini tuliliacha lichakae.

Tena aya ya 42 ina kitenzi cha kusamehe ambacho kimetoka kwenye neno la neema. Mkopeshaji hakuahirisha wala hakupunguza riba. Aliwakirimia.

Mimi nimelelewa kanisani, sijawahi kuwa na maisha ya ovyo. Je, niko kwenye kundi la "hupenda kidogo"?

Naijibu hii kama mmoja wenu. Nami ni wa upande wa hamsini: ubatizo wa utotoni, kwaya ya watoto, kipaimara, sina ushuhuda wa kumliza mtu. Ujanani niliwaonea wivu waliookolewa kutoka kwenye pombe, maana ushuhuda wao ulikuwa na nguvu na wangu ulikuwa kama ratiba ya ibada.

Yesu hamwambii Simoni aende akatende dhambi nyingi ili apende sana. Wala hasemi kwamba Simoni ana dhambi kidogo. Anasema asamehewaye kidogo hupenda kidogo, na anamwachia Simoni ajipime. Tatizo la Simoni ni kwamba hajawahi kufungua daftari lake mwenyewe. Anasoma la jirani. Kumbukeni naye ni mdeni asiye na cha kulipa. Labda dhambi yake ndiyo hiyo hiyo inayoonekana pale mezani: anamtazama binadamu analia na anachoona ni uainishaji tu, "wa namna gani".

Ndiyo maana Yesu anamwuliza swali ambalo nalipenda kuliko yote katika sura hii. Amemgeukia mwanamke, lakini anaongea na Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" Jibu la haraka ni ndiyo, jioni nzima hajaacha kumtazama. Jibu la kweli ni hapana.

Kwa hiyo mtu wa hamsini afanye nini? Asitafute dhambi za kutisha za kukiri. Ajiulize ni nani ambaye kila akiingia kanisani, yeye mwenyewe husogea mbali naye kwenye benchi.

Huku ni kuabudu? Mbona haimbi wala hasemi sala?

Ni kuabudu, ingawa neno hilo halimo katika kisa. Siku hizi kwetu "kuabudu" limekuwa jina la kipindi: kuna sifa, nyimbo za haraka, halafu kuabudu, nyimbo za polepole, kinanda kikilia chini chini na mwimbishaji amefumba macho. Sina ugomvi na kinanda. Ila mtu akidhani kuabudu ni mwendo wa wimbo, kisa hiki kitampita.

Luka ana jambo lake na miguu ya Yesu. Yule aliyetokwa na pepo jeshi anakutwa ameketi miguuni pake (8:35). Yairo anaanguka miguuni (8:41). Mariamu dada ya Martha anaketi miguuni akisikiliza (10:39). Na kati ya wakoma kumi waliotakaswa, mmoja, Msamaria, anarudi, anaanguka miguuni pake akimshukuru, na Yesu anauliza wale tisa wako wapi (17:16–17). Miguuni ndipo shukrani inapopata mwili.

Linganisheni pia mwisho wa visa. Msamaria anaambiwa, "imani yako imekuokoa." Mwanamke wetu anaambiwa maneno hayo hayo. Luka ameyatumia kwa watu wanne: hawa wawili, mwanamke aliyetokwa damu, na kipofu wa Yeriko. Si "machozi yako", si "marhamu yako". Ni imani, hayo mengine ni imani ilipopata mikono.

Kuna na neno la kubusu. Biblia ya Union imesema "akiibusubusu" na hongera kwa watafsiri, maana Kigiriki kinaonyesha tendo lililorudiwa bila kukoma. Kitenzi hicho hicho Luka anakitumia tena kwa baba wa mwana mpotevu alipomkimbilia mwanawe na kumbusu (15:20), na kwa wazee wa Efeso walipoagana na Paulo pwani (Matendo 20:37). Kwa hiyo mwenye dhambi anambusu Yesu kwa namna ile ile baba anavyombusu mwenye dhambi aliyerudi. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda.

Lazima nilie ndipo iwe shukrani ya kweli?

La. Wengine hulia, wengine hawana machozi ya karibu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika ulijaa watu waliolia na kutubu hadharani, na familia nyingi za walokole zilizaliwa pale, naheshimu. Lakini mtoto wa mlokole anayejilazimisha kulia ili afanane na bibi yake hajamshukuru mtu. Bibi hakuwa anafanana na mtu.

Marhamu yake yalikuwa ghali? Je, ni lazima nitoe sadaka kubwa ili nipokee msamaha?

Luka hatoi bei. Dinari mia tatu zinazotajwa na wahubiri ni za kisa cha Bethania, zimesafirishwa. Chombo chenyewe cha marimari kinaonyesha hayakuwa mafuta ya kupikia, lakini katika kisa hiki tarakimu zote ni za deni, na hilo deni halikulipwa na aliyedaiwa.

Kwa hiyo mtu akikusimamia mbele na kukuambia upande mbegu ya kiasi fulani ili Mungu akufutie laana, jua ameligeuza jambo lenyewe kichwa chini. Sadaka ya shukrani ni nzuri, mimi hutoa, na kanisa linahitaji mabati. Ila hutolewa na mtu ambaye jina lake limeshakatwa. Sadaka ya kununua msamaha ni malipo, na mkopeshaji wa mfano huu hakupokea malipo.

Kisa hiki kinanidai nimsamehe aliyenitenda vibaya?

Hicho si kisa chake. Hapa hatujui mwanamke alimkosea nani wala nani alimkosea. Nenda Mathayo 18, kwa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, kwa hiyo fanya mwenyewe hesabu ya sufuri. Huko Yesu anadai, na anadai kwa ukali.

Ila niseme hili kwa sababu wanaoniuliza mara nyingi ni akina mama, na huuliza baada ya darasa, wenzao wakishaondoka. Kusamehe hakumlazimishi mtu kurudi kulala katika nyumba anamopigwa. Kufuta deni ni jambo moja, kumkopesha tena mtu yule yule ni jambo jingine, na kumwita mwenyekiti wa mtaa au polisi hakubatilishi msamaha.

Simoni aliishia wapi?

Hatujui. Maneno yake ya mwisho ni lile jibu lenye "nadhani". Kaka mkubwa wa mwana mpotevu naye Luka anamwacha nje ya nyumba, muziki ukisikika, bila kutuambia kama aliingia.

Na mwanamke? Aliishi vipi mji ule ule baada ya hapo?

Aliambiwa aende kwa amani. Kigiriki kinasema karibu "nenda ndani ya amani", kana kwamba ni mahali. Lakini njia ya kwenda huko ilipita katika mitaa ile ile, penye majirani wale wale. Mwanzoni mwa sura inayofuata, Luka anataja wanawake waliotembea na Yesu: Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana, "na wengine wengi". Siwezi kukuambia kwamba alikuwa mmoja wa hao wengi. Husoma tu orodha hiyo polepole.

Tukitaka kukisoma kikundini, tuanzie wapi?

Anzieni aya ya 29, msianzie ya 36, ili mwone ugomvi ulioko nyuma: watoza ushuru walimkiri Mungu kuwa mwenye haki, Mafarisayo walilikataa shauri lake. Gawaneni sauti. Mmoja asome Luka, mwingine Yesu, mwingine Simoni, ambaye ana wazo moja na majibu mawili mafupi. Na mtu mmoja apewe nafasi ya mwanamke, asome kimya, kwa kuwa hana cha kusema. Mkimaliza, msimwulize Simoni kwanza. Mwulizeni huyo aliyekaa kimya ameona nini. Kwetu swali hilo hula nusu ya muda, kwa hiyo litengeeni nafasi kabla chai haijaletwa.